Taa nane zimewaka, mtandao umekataa

Mwaka jana nikiwa fildi, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali nikamjibu uongo. Wakati ule sikujua kwamba ni uongo. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha kompyuta, mkononi nina testa ya kebo za mtandao, ile ya vipande viwili ambayo hosteli yoyote hukosi mtu anayo: kipande kikubwa chenye betri ya volti 9, na kidogo kinachochomolewa ubavuni mwake. Kebo niliyokuwa nimetoka kuibana imechomekwa huku na huku, taa zinapita moja, mbili, tatu, mpaka nane, pande zote mbili, kijani tupu. Watoto wanashangilia kama vile nimefunga penalti. Ndipo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, umeme umetoka kwenye betri, umepita waya namba moja, umefika kule umewasha taa. Sasa unarudi na njia gani? Si ulitufundisha saketi lazima ifunge?"

Nikasema unarudi kwa ardhi. Nikaongeza, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba ndiyo maana kuna taa ya tisa yenye herufi G. Taa hiyo yenyewe ilikuwa haiwaki hata kidogo. Na kile kipande kidogo kilikuwa kinaning'inia mwisho wa kebo, plastiki tupu, hakijagusa chochote. Ardhi gani sasa? Kijana alikaa, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hajaridhika.

Ninachoandika hapa ni jibu lake, limechelewa kidogo. Ndani yake kuna pia habari ya shilingi elfu themanini za shule zilizokwenda bure kwa sababu niliziamini zile taa kuliko nilivyomwamini mtu aliyekuwa amesimama pembeni yangu. Wengi wetu tunaosoma ualimu wa sayansi tutapangwa shule ambazo "mtu wa kompyuta" utakuwa wewe, upende usipende, kwa hiyo nadhani habari hii inatuhusu.

Kwanza tuelewane kuhusu kebo. Nikisema kebo nina maana ya kitu kizima, na nikisema waya nina maana ya uzi mmoja wa shaba uliomo ndani. Kebo ya kawaida ya mtandao, tuseme ile ya Cat5e, ina nyaya nane. Hazikulazwa tu ndani kama tambi. Zimesokotwa mbili mbili, zikawa jozi nne: ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Katika kila jozi waya mmoja una rangi nzima na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi hiyohiyo. Kila mwisho wa kebo tunabana plagi yenye meno nane, na kila jino linang'ata waya mmoja. Huo msokoto ukumbuke, nitaurudia, maana ndio ulioniponza.

Kazi ya testa ni kuuliza swali moja mara nane: je, waya uliong'atwa na jino namba fulani upande huu umefika kwenye jino la namba hiyohiyo upande ule? Hakuna kingine inachouliza. Tazama sasa inavyouliza.

Jumamosi iliyofuata nilikaa chumbani nilikopanga, nikaifungua kwa bisibisi. Nilitarajia kukuta kitu cha kutisha. Nikakuta chipu mbili, rezista kadhaa, kapasita, dayodi na hizo taa. Chipu ya kwanza ni 555, ambayo wanafunzi wa elektroniki wanaijua kama sisi tunavyojua chaki. Ipo sokoni tangu 1972. Aliyeibuni ni Mswisi anayeitwa Hans Camenzind, akiifanyia kazi kampuni ya Signetics huko Marekani. Kazi yake humu ndani ni kupiga ngoma. Kapasita inajazwa umeme taratibu kupitia rezista. Ikifika theluthi mbili ya volti za betri, chipu inafungua mlango umeme umwagike. Ikishuka mpaka theluthi moja, mlango unafungwa, inajazwa tena. Kila mzunguko unatoa mpigo mmoja. Ukichukua rezista ya ohmu elfu 10, nyingine ya elfu 68, na kapasita ya mikrofaradi 10, unapata takriban mpigo mmoja kwa sekunde. Ile swichi ya pembeni ya kuchagua haraka au polepole inabadilisha rezista tu.

Chipu ya pili ni 4017. Hii ni mwalimu wa zamu anayeita majina. Ina matokeo kumi, na wakati wowote ni tokeo moja tu lililo juu, yaani lina volti za betri. Mpigo ukija kutoka kwa 555, lile lililokuwa juu linashuka na linalofuata linapanda. Moja, mbili, tatu, nne, hivyo hivyo. Matokeo manane yanakwenda kwenye nyaya nane, la tisa linakwenda kwenye G, halafu hesabu inarudi mwanzo. (Hiyo G ni kwa ajili ya kebo zenye ganda la chuma kuzunguka nyaya. Yetu haikuwa nalo, ndiyo maana haikuwaka. Kwa hiyo jibu langu darasani lilikosea mara mbili.) Testa nyingine, badala ya chipu hizi mbili, zina chipu moja iliyopangiwa programu, lakini mchezo ni uleule.

Sasa jibu la yule kijana. Nilikaa na karatasi na multimita ya kuazima mpaka chai ikapoa. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba tokeo la 4017 lililo chini halijakatwa. Lina volti sifuri, maana yake ndani ya chipu limeunganishwa na upande hasi wa betri. Kwa hiyo waya namba moja ukiwa juu, zile nyaya saba nyingine zote kwa wakati huohuo ni njia za kurudia nyumbani. Umeme unaenda na mmoja, unarudi na saba. Mpigo unaofuata, waya wa pili ndio unaokwenda, na wa kwanza umejiunga na kundi la wanaorudisha. Hakuna ardhi yoyote.

Ili hilo liwezekane, kile kipande kidogo kisicho na betri kimepangwa kwa akili sana. Kila waya ukifika humo unakutana na taa yake, na baada ya taa zote nane kuna kituo kimoja cha pamoja. Kutoka kituo hicho kuna dayodi nane, moja kwa kila waya, zimeelekezwa kurudi. Dayodi ni kama mlango wa daladala wenye konda mkali: unaruhusu kwenda upande mmoja tu. Mkondo unaingia kupitia taa namba moja, unafika kituoni, unatoka kupitia dayodi za wale saba walio chini, unarudi na nyaya zao. Hauwezi kurudi kupitia taa zao kwa sababu taa hizo, LED, nazo ni dayodi, na kwa upande huo zimefunga. Kipande kikubwa nacho kina mpangilio wa aina hiyohiyo: kila waya una taa yake njiani wakati wa kwenda na dayodi pembeni kwa ajili ya kurudi.

Tupige hesabu, si tumesoma? Taa ya upande mkubwa inakula kama volti 2, taa ya upande mdogo volti 2 nyingine. Dayodi ya kurudi kule inakula 0.7, ya huku 0.7. Jumla volti 5.4. Betri ina 9, zimebaki 3.6, na hizo zinamalizikia kwenye rezista. Kama rezista ni ya ohmu 1000, mkondo ni miliampea 3.6. Kidogo sana, lakini taa inawaka ukaiona. Hesabu hiyo inakueleza pia kwa nini betri ikichoka, tuseme imebaki na volti 6, taa zinafifia mpaka unaanza kubishana na mwenzako kama namba tano imewaka au haijawaka. Kabla ya kukata kebo ya mtu, badilisha betri.

Ukishaielewa saketi hii, huna haja ya kukariri maana ya taa. Waya wa tatu umekatika: mkondo hauna njia, taa namba tatu hazitawaka upande wowote, nyingine zote zitawaka. Waya wa pili na wa nne zimebadilishana mahali: upande mkubwa utahesabu moja, mbili, tatu, nne, na upande mdogo utawaka moja, nne, tatu, mbili. Nyaya mbili zimegusana ndiyo inayonifurahisha zaidi. Tuseme wa tatu na wa sita zimechubuka zikashikana katikati ya kebo. Tatu ikipanda, mkondo unawasha taa ya huku, unafika pale zilipogusana, unaona njia fupi ya kurudi kupitia waya wa sita ulio chini. Unarudi. Volti zinazobaki pale kwenye mguso ni kama 0.7 tu, na ile taa ya kule pamoja na dayodi yake zinahitaji karibu 2.7. Kwa hiyo huku taa inang'aa, kule kimya. Ukiona huku inawaka na kule haiwaki, tafuta nyaya zilizogusana, usitafute iliyokatika.

Mpaka hapo testa ni kifaa cha kupendeza, na kwa bei yake hakina mpinzani. Tatizo lilikuwa langu.

Ile kebo niliyokuwa nikiwaonyesha watoto haikuwa ya maonyesho. Ilitakiwa kuunganisha chumba cha kompyuta na ofisi ya taaluma, kama mita 60 hivi kupita juu ya dari, kwa sababu ya zamani ilitafunwa na panya. Niliibana mwenyewe. Nilipanga rangi kama nilivyofundishwa hosteli mwaka wa kwanza: "We panga zifanane huku na huku, basi, imeisha hiyo." Nikazipanga kwa utaratibu unaopendeza macho, jozi baada ya jozi: machungwa nyeupe, machungwa, kijani nyeupe, kijani, buluu nyeupe, buluu, kahawia nyeupe, kahawia. Pande zote mbili sawasawa. Testa ikanipa taa nane kwa mpangilio. Tukaipandisha darini.

Ofisini taa ya mtandao iliwaka. Kompyuta ilisema imeunganishwa. Ukurasa mdogo ulifunguka. Lakini mwalimu wa taaluma akituma faili la matokeo, linakwenda kidogo linasimama, linakwenda kidogo linasimama, mwisho linakufa. Ilikuwa wiki ya kupeleka matokeo ya mitihani ya nusu muhula. Nikaulizwa, Mwalimu, shida nini? Nikasema swichi imechoka, maana kebo nimeipima.

Mtunza maabara, mzee mmoja ambaye alikuwa shuleni hapo kabla mimi sijazaliwa, alikuwepo. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimemwamkia shikamoo kama kawaida, na alikuwa ameniitikia kwa upole wake uleule. Alisema hivi: "Madam, mimi hiyo elimu yenu sina. Lakini swichi ni ileile, kompyuta ni zilezile. Kilichobadilika ni waya. Sasa kwa nini tulaumu kitu ambacho hakijabadilika?"

Ukisoma sentensi hiyo sasa, unaona kwamba ni mbinu ya kisayansi kabisa, ile tunayowaandikia watoto ubaoni: badilisha kitu kimoja, shikilia vingine. Mimi nilichofanya ni kuchukua testa, nikachomeka ncha moja ofisini, nikamtuma mwanafunzi na kile kipande kidogo upande wa pili, halafu nikamwambia, "Mzee, angalia mwenyewe, zote nane." Akaangalia. Akanyamaza. Mkuu wa shule akaidhinisha elfu themanini kununua swichi mpya, zikatolewa kwenye fungu la kemikali za maabara, yaani fungu lake yule mzee. Swichi ikaja. Faili likaendelea kufa vilevile.

Usiku ule wa Jumamosi, nikiwa na mchoro wa saketi mbele yangu, ndipo nilipoona. Nilikuwa nimechora nyaya nane kama mistari minane iliyonyooka. Sikuwa nimechora msokoto popote, kwa sababu katika saketi ya testa msokoto hauna kazi. Mkondo wa testa hautaki kujua waya wa tatu umesokotwa na nani. Mtandao unataka kujua sana.

Kwa nini zinasokotwa? Wazo hilo ni la zamani. Alexander Graham Bell alilipatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Ujumbe unapelekwa kwa nyaya mbili kwa pamoja: mmoja ukipanda, mwenzake unashuka kwa kiasi kilekile. Mpokeaji hasomi waya mmoja, anasoma tofauti kati ya hizo mbili. Kelele za nje, iwe ni kutoka taa za mirija, mota ya feni au jozi ya jirani ndani ya kebo hiyohiyo, zikiangukia nyaya zote mbili kwa usawa, tofauti haibadiliki na kelele zinajifuta zenyewe. Ili ziangukiwe kwa usawa ni lazima ziwe zimekumbatiana, leo huyu yuko karibu na kelele, sentimita chache mbele ni zamu ya mwenzake. Hiyo ndiyo kazi ya msokoto.

Sasa, kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, kompyuta inatuma kwa meno ya 1 na 2, inapokea kwa 3 na 6. Ndiyo, 3 na 6, si 3 na 4. Mpangilio huo wa ajabu ni urithi wa simu: meno mawili ya katikati, 4 na 5, yaliachiwa laini ya simu, na jozi inayofuata ikapitishwa kulia na kushoto kwake. Kwa hiyo kwenye plagi sahihi waya wa 3 na wa 6 lazima watoke kwenye jozi moja. Kwa mpangilio unaoitwa T568B, ambao ndio unaoukuta mara nyingi, ni hivi: machungwa nyeupe, machungwa, kijani nyeupe, buluu, buluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia. Angalia kijani kilivyoachana kikaipisha buluu katikati.

Mimi kwenye 3 niliweka kijani nyeupe, kwenye 6 nikaweka buluu. Wapenzi wawili wanaotakiwa kubeba ujumbe mmoja, kila mmoja amekumbatiwa na mtu mwingine. Waya wa 3 umesokotwa na wa 4 ambao hauna kazi, wa 6 umesokotwa na wa 5 ambao nao hauna kazi. Kelele zinazomwangukia huyu si zile zinazomwangukia yule, na kelele kubwa kuliko zote inatoka humohumo: jozi ya 1 na 2 inatuma kwa nguvu, pembeni yake 3 na 6 zinajaribu kusikiliza ujumbe uliosafiri mita 60 na kudhoofika. Pakiti zinaharibika, zinatumwa tena, zinaharibika tena. Faili linasimama.

Na kwa nini kebo zangu za hosteli zilifanya kazi miaka miwili, zote zikiwa zimebanwa kwa kosa hilohilo? Kwa sababu zilikuwa za mita mbili tatu. Umbali mfupi, ujumbe bado una nguvu, kelele hazijakusanyika. Ukikosea bila kuumia, unadhani umepatia, na hapo ndipo ule usemi wa "zifanane tu huku na huku" unapopata wafuasi. Zifanane ni sharti la testa. Mtandao una sharti la pili juu ya hilo. Na kwenye mtandao wa gigabiti, ambao unatumia jozi zote nne, kosa hili linachanganya jozi mbili kwa pamoja, hali inakuwa mbaya zaidi.

Kuna mambo mengine testa haioni kwa sababu hiyohiyo. Chukua jino lililong'ata vibaya, likaongeza ukinzani wa ohmu 50. Kwenye testa, njia ilikuwa na ohmu 1000, sasa ina 1050. Mkondo unashuka kutoka miliampea 3.6 hadi kama 3.4. Jicho gani litaona tofauti hiyo? Lakini kwa mtandao, ambao kebo yake imebuniwa kwa ohmu 100, hamsini za ziada ni ukuta katikati ya barabara. Urefu nao hivyo hivyo: mita 100 za waya wa aina hii zina ukinzani usiofika hata ohmu 10, kwa hiyo testa haitofautishi kebo ya mita 5 na ya mita 150, wakati kikomo cha mtandao ni mita 100. Testa inauliza mara moja kwa sekunde, kwa umeme uliotulia. Mtandao wa megabiti 100 unabadilisha ishara mara milioni 125 kwa sekunde. Umepima barabara kwa kupitisha kobe, ukasema basi la mkoani litapita.

Vipo vifaa vinavyoona. Vya bei kubwa vinatuma ishara za masafa ya juu kwenye jozi moja na kusikiliza kiasi kinachovuja kwenye jozi nyingine. Hapo jozi iliyoachanishwa inajulikana mara moja. Vingine vinatuma mpigo mfupi na kupima muda wa mwangwi: ishara ndani ya kebo inakwenda kama mita moja kwa nanosekunde 5, kwenda na kurudi 10, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya nanosekunde 300 tatizo liko mita 30 mbele. Shule nyingi hazitanunua hivyo, na si lazima. Macho yanatosha. Plagi ni ya plastiki inayoonyesha ndani, shika juu ya mwanga, soma rangi moja moja kabla hujaamini taa. Na usichomeke testa kwenye kebo iliyo hai, hasa zile zinazolisha umeme kamera au kifaa cha waifai, ambazo zinaweza kuwa na volti 48 hivi. Testa ya volti 9 haitakusimulia kilichoipata.

Jumatatu nilifika shule mapema kuliko kengele. Nilimkuta mzee anafagia maabara. Nikamwamkia, nikamwambia waya ulikuwa na shida, alikuwa sahihi, na nikamwonyesha kwenye karatasi ni wapi. Akauliza jambo moja tu: "Tunakata wapi?" Tukakata ncha mbili, nikabana upya kwa T568B, yeye akishika tochi na kunisomea rangi. Dakika kumi na tano. Taa za testa zilikuwa nane kwa mpangilio, kama mwanzo, hazina tofauti hata moja. Faili la matokeo likaondoka mara moja.

Kwa mkuu wa shule ilikuwa ngumu zaidi. Dukani walikataa kuirudisha swichi kwa sababu boksi limeshafunguliwa. Nilitoa elfu thelathini kwenye hela yangu ya fildi, si kwa kulazimishwa, na haikutosha. Majaribio ya tindikali ya kidato cha nne yalifanywa kwa makundi ya watu wanane badala ya wanne. Swichi ya zamani ikarudishwa kazini, mpya ikawekwa kabatini.

Kipindi cha fizikia kilichofuata nilichora saketi ubaoni, taa nane, dayodi nane, kituo cha pamoja, na nikasema wazi kwamba wiki iliyopita nilijibu vibaya. Yule kijana wa nyuma aliangalia mchoro muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono tena.

"Kwa hiyo madam, tukikata zote tukabakiza waya mmoja tu, hata huo mmoja hautawaka?"

Mzee alikuwa mlangoni. Akaingia na kipande cha kebo iliyotafunwa na panya, chenye plagi huku na huku, pamoja na mkasi. Tukachomeka, taa nane. Tukachuna ganda la nje katikati, kijana akakata waya mmoja mmoja, darasa likihesabu kwa sauti. Saba, sita, tano, nne, tatu. Zikabaki mbili, zinapokezana. Akakata moja.

Zote zikazimika.